Kadi ya Doto

Siku ya kwanza kazini sikushika kipimo wala sindano. Mganga Mfawidhi wa zahanati ile ya serikali, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, alinipeleka moja kwa moja masjala, yaani chumba cha majalada ya wagonjwa. "Tabibu, kaa humu wiki nzima," aliniambia. "Uwajue watu kwenye makaratasi kwanza." Nilinuna. Mtu nimetoka chuoni na koti jeupe limepigwa pasi, halafu napangiwa vumbi!

Humo ndimo nilimojifunza utaratibu wa mapacha. Kwetu Usukumani mapacha ni Kulwa na Doto, na mama zao hawapendi watenganishwe hata kwenye karatasi. Kadi zao mbili tulizibana kwa pini ndani ya jalada moja. Mwenye mzio, yaani yule ambaye mwili wake unakataa dawa fulani, tulimwandikia kwa wino mwekundu nyuma ya kadi yake. Nilihamishiwa Isaka, utaratibu ukawa huohuo. Nilipoacha serikali nikaenda kusimamia kituo cha afya cha mtu binafsi kwenye machimbo ya Geita, niliubeba kama ulivyo, na nikajisifu nao.

Machimboni ilikuwa kukimbizana tu. Mchimbaji leo anakuja na jina hili, kesho na lile. Mkurugenzi, ndiye mwenye kituo, akaleta kompyuta. "Daktari, makaratasi basi. Mkaguzi akija nataka nibonyeze tu, aone." Sheria nayo ilikuwa imebana: siri ya mgonjwa ilindwe, kila mtumishi awe na nywila yake, kadi za zamani zitunzwe miaka iliyowekwa. Nywila tulikuwa nayo moja, ya kwangu, imebandikwa ukutani. Msinicheke. Foleni ilikuwa inafika barabarani.

Makarani walioingiza majalada kwenye kompyuta waliniuliza wafanyeje na mapacha. Niliwajibu bila hata kuinua kichwa: "Jalada moja, namba moja. Msinipotezee muda." Maneno hayo ni yangu, sikutumwa na mtu. Wakaingiza kadi ya juu, ya chini ikaenda na jalada lake kwenye magunia ya stoo.

Asubuhi moja bibi mmoja alimleta mjukuu wake, Doto, wa miaka minne, anahema kwa shida. Mama yake alikuwa kwenye kazi ya kuponda mawe ya dhahabu. Ilikuwa nimonia. Nesi Kabula alifungua namba ya Doto na pacha wake Kulwa, na kwenye sehemu ya mzio palikuwa pameandikwa hakuna. Akamuuliza na bibi. Bibi hakujua, alikuwa ametoka kijijini Samuye wiki ileile. Nikamwambia Kabula achome penisilini.

Haikupita nusu saa. Uso ulivimba, koo likaziba. Tulihangaika naye kwa kila tulichokuwa nacho, akatufia mikononi. Bibi alikuwa kwenye benchi, anarudia tu, "Ng'wana wane, ng'wana wane," mtoto wangu, mtoto wangu.

Nilikwenda stoo nikafungua magunia mwenyewe. Jalada nililipata, na chini ya kadi ya Kulwa ilikuwepo kadi ya Doto. Nyuma yake, kwa wino mwekundu: ASIPEWE PENISILINI. Mwandiko ulikuwa wangu, wa kabla ya kompyuta. Nilikaa chini palepale sakafuni nikalia.

Mkurugenzi alimwita wakili wake. Wakili akasema, "Usikiri chochote. Ukikiri, kituo kinafungwa." Mkurugenzi akaongeza, "Na hawa watu watatibiwa wapi, Daktari? Andika mtoto alichelewa kuletwa. Yamekwisha." Nikaandika hivyo, nikapiga muhuri. Mama mtu alipewa nakala, na familia ikarudi Samuye kuzika. Kadi niliificha nyumbani. Niite mwoga, sitabisha.

Mwaka ukakatika, nikastaafu, nikaagwa kwa soda na hotuba. Wote wananisifu, nami natamani ardhi ipasuke. Nesi Kabula hakusifu. Alinivuta pembeni akasema, "Baba, mimi silali. Usipokwenda kusema ukweli wewe, nakwenda mimi." Kesho yake nilipeleka maelezo yangu na nakala ya kadi ofisi ya wilaya, nikarudisha na leseni. Kisha nikapanda basi la Samuye.

Nyinyi mnaoanza kazi sasa mna mitambo mizuri kuliko yetu, na siwaonei wivu. Ila kompyuta haikumuua Doto, msije mkasema hivyo mbele yangu. Iliambiwa na mimi kwamba watoto wawili ni mmoja, ikaamini.

Samuye nilimkuta Mama Kulwa anamenya karanga. Kulwa alikuwa pembeni yake, amerefuka.

"Shikamoo, Daktari," akasema, akanipa kigoda.

"Marahaba, mama." Sikukaa. Nilitoa kadi nikamsomea, nikamweleza yote, jalada, kompyuta, na ile ripoti niliyoipiga muhuri.

Akaacha kumenya. "Kwa hiyo mama mkwe hakuchelewa?"

"Hakuchelewa. Alimleta mapema kabisa. Angepewa dawa nyingine, angepona."

Karanga zikamwagika mapajani mwake. "Karatasi yenu ilisema kachelewa. Nikamwambia, wewe ndiye umeniulia mtoto. Akaapa, akalia, nikamwambia aninyamazie. Mwaka mzima, Daktari, tunakaa boma moja, sikumpa hata salamu. Tumemzika mwezi uliopita."

Nilitamani anitukane, anirushie hata kigoda. Akasimama, akajifunga khanga.

"Mimi umeshaniambia," akasema. "Twende ukamwambie na yeye."

Tukapita nyuma ya nyumba. Kaburi dogo lilikuwa limeshaota majani, la pembeni yake udongo ulikuwa bado mwekundu. Nilivua kofia, nikamwamkia bibi shikamoo, nikaanza kumsomea kadi.