Asijulishwe Mpaka Afike Nyumbani

Mtandao wa ndani wa kampuni yetu niliufunga mimi, na kwa miaka miwili ya mwanzo nilikuwa siambiliki. Tunauza mbegu za mahindi, maharage na mboga, ofisi kuu ikiwa Kimandolu. Kabla yangu, habari za kazini zilitembea kwa miguu. Kikao, likizo, gari linaloondoka asubuhi, nani amejifungua, nani amefiwa, vyote vilipelekwa meza kwa meza na katibu muhtasi wetu. Mimi nilimwona anapoteza muda wa watu. Nikaweka seva kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mafagio, nikavuta waya wa bluu hadi kila meza, nikatengeneza ukurasa wa matangazo unaofunguka wenyewe mtu anapowasha kompyuta yake. Mtu wa nje hakuweza kuuona. Bosi wetu, mzee wa Kisingasinga aliyerithi biashara ile kwa baba yake, aliusoma mpaka mwisho, kisha akasema, "Vizuri. Sasa peleka na Nduruma."

Nduruma ndiko liliko ghala letu. Mtunza ghala alikuwa dada mmoja, Mmeru wa Akheri, aliyenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Mbegu alizijua kwa kuzishika tu. Angekuambia gunia lipi lina unyevu kabla kipimo hakijaletwa. Kompyuta aliiogopa. Vifaa vilikuja kupatikana miaka miwili baadaye; nilifunga antena ya mtandao juu ya paa la ghala siku ya Jumatatu, nikashinda naye nikimfundisha, na nilimcheka sana, jambo ambalo linaniuma hadi leo. Kipanya alikishika kwa mikono miwili.

"Dada, hicho hakikimbii," nilimwambia.

"Nicheke tu, mdogo wangu. Kesho nitafungua mwenyewe."

Nikamsisitiza asikose kusoma matangazo kila asubuhi kabla hajagusa gunia lolote. Akaniahidi.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, ndiyo kwanza tunafungua ofisi, mjomba wake alipiga simu Kimandolu. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri. Mjomba hakumpigia yeye, na hakuna aliyeshangaa, kwani huku kwetu mtoto haambiwi kwa simu kwamba mama yake hayupo. Wanaambiwa wenzake wa kazini. Wao wanamfuata, wanamwambia mama anaumwa kidogo, wanampeleka mpaka nyumbani, na pale, akiwa mikononi mwa ndugu zake, ndipo anapoambiwa. Hayo ndiyo mjomba aliyoyaomba.

Katibu alikuja mezani kwangu akifuta machozi. "Watangazie watu wajiandae kwenda," aliniambia. "Ila mwenyewe asijue."

Nilimaliza kwa dakika tatu, na nakumbuka nilivyojisifu moyoni kwa dakika hizo tatu. Niliandika kwamba mwenzetu wa ghala la Nduruma amefiwa na mama yake mzazi, na kwamba gari la kwanza litaondoka saa sita. Chini nikaongeza kwa herufi nene: tafadhali, mwenzetu asijulishwe mpaka afike nyumbani. Nikalituma. Kwa miaka miwili ukurasa ule ulikuwa umesomwa Kimandolu peke yake, na mazoea yakanisahaulisha antena niliyoifunga kwa mikono yangu siku tatu zilizopita.

Tukaondoka kwenda kumchukua, mimi na dereva wetu, mtu mzima aliyekwisha kufanya kazi hiyo mara nyingi. Njiani alinielekeza. Usimpe pole. Usimtazame sana machoni. Akiuliza anaumwa nini, taja kitu kidogo. Nilikuwa nayarudia maneno kimoyomoyo kama mtoto wa kipaimara.

Tulimkuta amekaa juu ya gunia, ghala limefagiliwa, funguo ziko mkononi. Kompyuta ilikuwa inawaka nyuma yake. Kutoka mlangoni niliyaona maneno yangu, yale ya herufi nene. Dereva bila miwani hasomi kitu, kwa hiyo hakujua.

"Shikamoo mzee," dada alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akanitazama mimi, na akaendelea kunitazama. "Mmetumwa," alisema. "Semeni."

Nikageuzia macho magunia. Dereva ndiye aliyesema, kwa sauti ya upole, "Mama hajisikii vizuri, mwanangu. Wanasema ufike nyumbani kidogo."

"Anaumwa nini?"

"Homa tu."

"Haya. Twendeni tukamwone."

Akaizima kompyuta kwa kufuata hatua zote nilizomfundisha, bila kuruka hata moja, akafunga ghala. Tulipofika Tengeru alimwomba dereva asimame. Akashuka, akachagua machungwa, akarudi na mfuko. "Mgonjwa haendewi mikono mitupu," alisema, akaupakata mpaka Akheri. Hakulia njia nzima. Mimi nilikaa kiti cha nyuma nikitamani gari lipinduke.

Shangazi yake alitoka kumpokea, akamkumbatia, akamwambia. Hapo ndipo dada alipolia, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Wanawake wakamshika pande zote wakaingia naye ndani, na mimi nikabaki uani nimeshika ule mfuko wa machungwa.

Mwezi mmoja ulipita ndipo nikapata moyo wa kwenda Nduruma kumwomba msamaha. Alinisikiliza huku anashona mdomo wa gunia.

"Uliniambia nifungue kila asubuhi, nikafungua," alisema. "Nimeshakusamehe, mdogo wangu. Ila niliisoma peke yangu. Hakuwepo hata mtu wa kunishika."

Nilitaka kuufuta ukurasa wote. Bosi alikataa, na alikuwa na haki. Watu walikuwa wameuzoea. Basi nikaweka utaratibu wangu. Tangu siku ile tangazo la msiba haliwekwi mpaka mimi mwenyewe niende kwa mfiwa na kuchomoa waya wake wa mtandao. Ninainama nyuma ya kompyuta, nasema nakagua kitu, nauchomoa. Nikitoka, anaingia mtu wa kumpeleka nyumbani. Nimefanya hivyo Kimandolu na Nduruma, kwa watu niliowapenda na kwa mmoja niliyekuwa simsalimii.

Sikufikiria kwamba wataushtukia. Lakini watu si wajinga, na baada ya mara ya tatu au ya nne kila aliyeniona nakaribia meza yake na mfuko wa vifaa alikuwa anabadilika rangi. Mhasibu mmoja aliwahi kunishika mkono kabla sijagusa chochote, akaniuliza, "Ni nani?" Kumbe nilikuwa nimefuata swichi mbovu tu. Ikabidi niwe naingia kila chumba nikisema kwa sauti, "Ukarabati, jamani! Wote wazima!" Walicheka, lakini walicheka wakiwa wameshashusha pumzi.

Mwaka jana, kabla mvua za masika hazijaanza, nilikuwa mezani kwangu siku ya Jumanne. Dada wa ghala huja Kimandolu siku za Ijumaa. Nilimwona anaingia, amejitanda khanga, nikasimama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa."

Akazunguka meza. Magoti yanamsumbua siku hizi, kwa hiyo aliinama polepole, mkono mmoja ukiwa begani kwangu. Nikasikia ule mlio mdogo wa waya unapochomoka. Hakuna mtu aliyewahi kuugusa waya wangu.

"Nipe na simu yako," alisema. "Yangu imekwisha chaji."

Nikampa. Akaifunga kwenye ncha ya khanga.

"Mzee hajisikii vizuri. Wanasema ufike nyumbani kidogo."

Baba yangu alikuwa Oldonyosambu, upande wa pili wa mlima, na ng'ombe wake na shamba lake la mahindi. Jumapili alikuwa ametoka kanisani kwa miguu yake. Nilijua. Utaratibu ule niliutunga mimi, ningekosaje kujua? Lakini nilikuwa sijaambiwa, na sikuwahi kufikiria kwamba kati ya kujua na kuambiwa kuna nafasi ya mtu kukaa.

"Anaumwa nini?" niliuliza.

"Kifua tu."

"Amekula?"

"Asubuhi amekunywa uji."

Nilimshukuru Mungu kwa ule uji. Tulipofika Ngaramtoni nilimwomba dereva asimame. Dada akashuka pamoja nami, tukachagua machungwa, yeye akiyabonyeza moja moja, akilirudisha lililolegea. Njia yote iliyobaki baba yangu alikuwa anaumwa kifua, na mimi nilikuwa nampelekea machungwa. Niliuona mlima upande wangu wa kulia, nikaanza kumsimulia dada jinsi mzee alivyokuwa akitupangia zamu za kuchunga. Alinisikiliza bila kunikatisha.

Viti vya plastiki vilikuwa vimeshapangwa uani. Kaka yangu mkubwa alikuwa anakuja upande wa gari, kofia mkononi. Nilishuka nimekumbatia mfuko. Kabla kaka hajafungua mdomo, dada alikuwa ameshaupokea, mikono yangu ikabaki mitupu, na kaka akaishika yote miwili.