Pikniki Mahali pa Kunyweshea Ng'ombe

Gramafoni tuliisikia kabla ya kuliona gari. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mimi na rafiki yangu tumesimama kwenye lango la shule tuliyofundisha pamoja, nje kidogo ya Nakuru, na sauti ya Mzungu anayeimba kwa pua ikatujia kutoka nyuma ya mikalitusi. Kila gurudumu lilipoingia shimoni sindano iliruka, na Mzungu akayaanza mapenzi yake upya. Hakuna gramafoni iwezayo kuimba sawasawa ndani ya gari linalokimbia barabara ya vumbi, na mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na gramafoni anajua hivyo. Huyu aliyekuwa anakuja alitaka tu ionekane.

Gari likatokea, boksibodi la mizigo la duka moja la Mhindi, limeazimwa pamoja na dereva wake. Mbele alikaa mchumba wa rafiki yangu, gramafoni magotini kama mama aliyempakata mtoto mgonjwa, miwani myeusi machoni na jua lenyewe halijapanda.

"Ingieni, madada," alisema. "Leo tunaishi."

Kana kwamba hadi jana tulikuwa maiti.

Alikuwa karani kwa dalali wa mnada wa ng'ombe. Walowezi waliingia ofisini humo kutwa nzima, naye aliokota mambo yao kama kuku aokotavyo makombo chini ya meza: neno hapa, kicheko pale, namna ya kushika kiko kisicho na tumbako. Ni kwao alikosikia kwamba mtu aliyestaarabika humaliza wiki yake ziwani. Basi tulikuwa tunakwenda Naivasha, kwenye shamba la mlowezi mmoja ambako baba wa rafiki yangu alikuwa nyapara wa ng'ombe wa maziwa. Posa ya karani ilikwisha kupelekwa. Mzee aliahidi kutoa jibu Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Rafiki yangu alikuwa amewakataa wanaume wawili kwa ajili ya huyu. Njia nzima alinishika mkono.

"Baba atakubali?" aliniuliza tulipopita Elmenteita, ziwa limelala chini yetu kama maziwa yaliyoganda, ukingo wake mwekundu kwa heroe.

"Baba yako ni mtu wa haki," nilimjibu. Moyoni nilikuwa namwombea mzee akatae.

Wazee wetu sote, wangu, wake na wa karani, walitoka magharibi kufuata reli na mashamba, wakaja na adabu zao zimefungwa pamoja na sufuria. Kubwa kati ya hizo ni hii: mwanamume na mama mkwe wake hawakutani ana kwa ana. Wakiwa njia moja, mmoja huingia majanini mwenzake apite. Mikono hawapeani. Chakula chake mama hukipika kwa moyo wote, kisha hukipitisha kwa mkono wa mwingine. Tangu posa ipelekwe, karani alikuwa amefungwa na adabu hiyo kama mkwe kamili. Nimewasikia watu wa mjini wakiiita woga. Mimi naiona kama pazia zuri sebuleni: anayelichana hatuonyeshi ushujaa wowote, anatuonyesha tu kwamba kwao hakukuwa na pazia. Na huyu hakuwa na udhuru. Alizaliwa kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa tatu kutoka kwetu, na mama yake alimfundisha yale yale niliyofundishwa mimi.

Tuliwasalimu wazee kama ilivyopasa, baba uani, mama kupitia mlango wa jikoni uliorudishwa, kisha tukashuka ziwani. Bwana shamba alikuwa ameturuhusu upande mmoja tu, mahali pa kunyweshea ng'ombe. Mafunjo yalikuwa yamekanyagwa, na tope la ukingoni lilikuwa na mashimo ya kwato, kila shimo na maji yake ya kijani. Karani akatandika shuka jeupe juu ya samadi iliyokauka.

"Hapa ndipo bichi," alisema.

"Bichi ya mafahali," dereva alisema, akacheka, kisha akamtazama karani kuona kama kicheko kinaruhusiwa. Dereva huyo alikuwa mtu wa kucheka baada ya wengine, na nadhani hata usingizi alikuwa akiuliza kabla ya kuupata.

Tulikula mkate mweupe na samaki wa mkebe. Mbele yetu ziwa lilikuwa limejaa samaki, furukombe alikuwa akishuka na kupanda nao makuchani, na sisi tulikuwa tunachokoa vipande vyenye mafuta kutoka kwenye bati lililovuka bahari. Kuku nilimsikia akilia kule juu, kwenye nyumba ya mzee, nikajua mama ameamua kutuchinjia. Karani hakusikia. Alikuwa anatuonyesha namna Wazungu wanavyolala juani.

"Lakini sisi jua limeshatuchoma," rafiki yangu alisema.

"Hujui raha, mpenzi. Mtu halali juani ili aungue. Analala ili aonekane hana kazi."

Ndilo neno la kweli pekee nililowahi kumsikia akilisema, na hakujua kwamba amelisema.

Kisha akaenda nyuma ya gari, akarudi amevaa kaptura ya kuogelea, nyekundu kama ulimi, imembana hata ungeweza kuhesabu alichokula. Akaingia majini. Kuogelea hakujua. Alisimama maji yakimfika kiunoni, akawa anayapiga kwa viganja na kutuita, na rafiki yangu, aliyesoma kuliko yeye na kufikiri kuliko yeye, akamtazama kwa macho yaliyojaa huruma ambayo yeye aliiita mapenzi.

Hapo ndipo tuliposikia kikohozi.

Kilitoka nyuma ya mgunga, hatua chache juu yetu. Kikohozi kikavu, kimoja, kisha kimya. Mtu yeyote wa kwetu anakijua. Mama alikuwa amesikia kwamba wageni wake wanakula mkate mkavu kwenye ardhi anakoishi, na watu wote wa kutuma walikuwa kwenye kukamua. Akaja mwenyewe, kapu kichwani, akasimama nyuma ya mti na kukohoa, ili binti yake apande kulipokea na mkwe ajifiche. Rafiki yangu alikwisha kuinuka. Karani alichotakiwa kufanya ni kuchutama tu, maji yamfike shingoni, atazame ng'ambo.

Alitoka majini.

"Kaa huko huko," rafiki yangu alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ah, hiyo ni ya nyumbani. Hapa tuko pikniki."

Akapanda kule juu, maji yanamchuruzika mapajani, mkono mbele. "Mama, karibu. Usiogope, mimi ni mtoto wako." Mama aliivuta leso usoni, akabaki wima na kapu kichwani kama nguzo. Karani akautafuta mkono wake chini ya leso, akaupata, akautikisa. Halafu akamgeukia dereva. "Lete kamera. Tupige moja na mama mkwe."

Kamera haikufika. Rafiki yangu alikuwa amesimama njiani, na dereva, kwa mara ya kwanza, hakuuliza mtu kama apite. Mama alilishusha kapu taratibu, akatugeuzia mgongo, akaondoka. Ndani ya kapu mlikuwa na ugali na kuku mzima, firigisi imewekwa juu kabisa. Firigisi ni ya mgeni wa heshima. Karani aliila akisema inahitaji chumvi.

Asubuhi ya Jumapili wanaume walitoka kwa jirani walikolala, wakaja kunywa chai. Mama hakutoka jikoni. Vikombe vilipitishwa kwenye upenyo wa mlango, na mimi nikawa mikono yake. Mzee alikunywa chake mpaka mwisho, akakiweka chini.

"Mwanangu," alisema, "jibu ninalo, na si baya. Lakini mama yenu jana ameona alichoona, na mkono wake umeshikwa. Kwetu jambo hilo lina dawa ndogo. Utaleta blanketi, mtu mzima amfunike mabegani, naye atatoka jikoni. Hata si leo. Leo sema tu, nimesikia."

Neno moja. Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa ameshikilia ukingo wa meza, midomo yake ikilisema neno hilo bila sauti, kama mwalimu anavyomsaidia mtoto mbele ya mkaguzi.

Karani alicheka. "Mzee, nitozwe faini kwa kuogelea? Wazungu wanaogelea na mama wakwe zao, hakuna anayekufa."

"Mimi nimewakamulia Wazungu tangu wewe hujazaliwa," mzee alisema polepole. "Wana mambo yao mengi mabaya. Ila sijamwona mmoja akinywa chai ya mkwewe na kumcheka mkwewe."

"Si kucheka, Mzee. Ni maendeleo. Sisi wa kisasa hatuwezi kurudi kwenye blanketi."

Mzee alimtazama binti yake, nasi sote tukamtazama.

Aliinuka. Alikwenda pembeni ilikowekwa gramafoni, akakishusha kifuniko, akafunga vibanio vyake viwili, akamwekea karani mapajani.

"Nini hii?" karani aliuliza.

"Ni yako. Nenda nayo."

"Wewe, msomi mzima, unavunja uchumba kwa ajili ya blanketi?"

"Blanketi ningelinunua mimi mwenyewe," alisema. "Wewe ungelibeba tu kutoka kwenye gari."

Dereva alikwisha kutoka. Karani akasimama. Akavaa miwani yake myeusi mle mle ndani, akaigonga gramafoni kwenye fremu ya mlango, akatoka.

Ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka. Mama alikatiza sebule, leso mabegani, macho yakiutazama mgongo unaoshuka kuelekea kwenye gari, kwa maana kuutazama mgongo hakuna adabu inayokataza. Akafunga mlango wa mbele.