Kambi ya Mwenye Moto

Ng'ambo ya mto Kilombero, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu kutoka Ifakara, pale mbuga inapojinyoosha mpaka macho yanachoka, palikuwa na mahali ambapo mtu alilala bure. Hapakuwa na kodi wala mwenye nyumba, wala mtendaji wa kijiji wa kukuuliza umetoka wapi na unaondoka lini. Masika palifunikwa na maji, samaki wakaogelea juu ya mahali pa kulala watu. Kiangazi maji yalirudi mtoni, yakaacha dimbwi moja refu lililopinda kama mundu, limejaa kambale, na pembeni yake udongo mweusi uliopasuka nyufa za kumeza mguu. Mti hakuna. Kivuli ni kile ulichojijengea mwenyewe kwa matete. Wavuvi walipaita Jangwani, na aliyekuwa na Jangwani miaka ile ya tisini alikuwa Gaudensi.

Kuwa nayo kulikuwa na sheria moja tu. Kambi ni ya mwenye moto. Moto wako ukiwaka, dimbwi ni lako, na hata mtu awe na chuki nawe kiasi gani, hatatega mgono, mtego wake wa samaki, kwenye maji yako. Moto ukizimika na majivu yakapoa, anayepita wa kwanza anaweza kuwasha wake, na habari yako imekwisha. Tena mtu hatii kuni kwenye moto wa mwenzake. Akitia kwa mkono wake, kambi amejitwalia. Kwa hiyo huwezi kumwomba jirani akulindie moto, kama unavyoweza kumwomba akulindie mtoto au mbuzi.

Ndiyo maana Gaudensi, tangu alipokoka moto mwezi wa sita mpaka mvua za kwanza, hakwenda popote. Alifanya hivyo kila mwaka, tangu binti yake akiwa wa kubebwa mgongoni. Asubuhi alitoa migono, mchana alipasua kambale na kuwapanga juu ya chanja, jioni aliwageuza. Kuni zilikuwa za shida, hivyo aliokota mavi makavu ya nyati, ambayo huungua polepole na kutoa moshi mzito ulioifanya ngozi yake iwe na rangi ile ile ya samaki wake. Usingizini sikio lake moja lilibaki macho, likisikiliza kama moto unapumua. Watu wa Lipangalala, kulikokuwa na nyumba yake, walimwonea wivu. Walisema, mwenzetu yule anakula bure, analala bure, hana bosi. Kama kuna siku alitamani kuwa na bosi wa kumwomba ruhusa, hakumwambia mtu.

Mkewe, Levina, alikufa kiangazi kimoja, mwezi wa tisa. Habari ilimfikia kupitia mchuuzi wa samaki, mwanamke wa Kibaoni aitwaye Mwanabaraka, aliyekuwa akija na chumvi na kurudi na samaki wakavu.

"Amezikwa?" Gaudensi aliuliza.

"Amezikwa juzi, Baba Kandida. Tulikusubiri, joto likatukataza."

Gaudensi akageuka, akaanza kuwageuza samaki, mmoja mmoja, kwa uangalifu kama mtu anayegeuza mgonjwa kitandani. Alijiambia kwamba akienda ataona udongo tu, na udongo utamsubiri mpaka mvua. Kweli ulimsubiri. Lakini binti yake, Kandida, hakumsamehe siku hiyo. Hakumgombeza, hakununa. Aliingia kwa masista, akawa mnovisi, na kila baba yake alipokwenda kumtembelea wakati wa masika, alimpokea kwa adabu zote, kama mgeni.

Sasa Kandida alikuwa anaweka nadhiri zake za kwanza. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi. Mzazi ndiye anayemshika mkono binti na kumpeleka altareni, mbele ya askofu, na Kandida alibakiwa na mzazi mmoja. Mwanabaraka alileta ujumbe, akaushusha pamoja na chumvi.

"Kasema hivi, nami narudia kama alivyosema. 'Mama hakumzika. Mimi asiponipeleka, atanipeleka mjomba Antoni. Sitamkasirikia. Nitamwombea tu, kama ninavyowaombea watu wengine.'"

"Kama watu wengine?"

"Ndivyo alivyosema. Na mimi naongeza la kwangu: ukikosa safari hii, Baba Kandida, samaki wako utawauzia hao fisi wa mbugani. Mimi sitakuja."

Gaudensi alicheka, lakini usiku ule sikio lake lililobaki macho halikusikiliza moto.

Akapata njia. Alivuta kwa mtumbwi kisiki kizito kutoka ukingo wa dimbwi, kilicholetwa na mafuriko, mti mgumu usioungua kwa haraka. Kikishika moto, kitafuka chenyewe kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu bila mkono wa mtu, na kambi itabaki yake. Kilichobaki kumtia hofu ni moto wa porini. Nyasi zilikuwa kavu, na moto ukija yeye hayupo, utakula kibanda na chanja na samaki. Basi akaunguza nyasi mwenyewe, mapema mwezi wa tisa, akizunguka kambi yote. Wavuvi wengine huunguza mwezi wa saba, kiduara kidogo. Yeye aliunguza eneo kubwa mpaka mbali, kwa sababu ya hofu, na kwa sababu ya furaha pia. Alisimama katikati ya weusi ule akajiona ameshaondoka.

Hakufikiria kitu ambacho angemwambia mtu mwingine yeyote bila kuulizwa. Udongo mweusi wa mbuga hutunza maji chini yake. Ukiunguza, nyasi changa huchipua hata bila mvua. Anayeunguza mwezi wa saba huchipuza pamoja na wenzake. Anayeunguza mwezi wa tisa, wakati mbuga nzima imekauka kama ganda, anakuwa na bustani ya peke yake, ya kijani, inayonukia mpaka milimani.

Ijumaa asubuhi, shati lake safi likiwa limekunjwa kwenye mfuko wa rambo, Gaudensi alitoka kibandani na kuwakuta nyati.

Walikuwa wengi kiasi kwamba mwanzoni aliona kama kivuli cha wingu kimeketi. Walikula nyasi zake kwa utulivu, wakipumua kwa sauti. Waliziba njia ya kwenda kivukoni, na madume mazee mawili yalijilaza kwenye tope pale alipofunga mtumbwi wake. Gaudensi alirudi ndani taratibu, kinyumenyume. Nyati hana haja ya sababu, na kwenye nchi isiyo na mti hakuna pa kupandia.

Alisubiri waondoke. Jua likapanda. Kundi lilisogea kidogo, likarudi. Mchana alijaribu kugonga sufuria. Dume moja likainua kichwa, likamtazama muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lako, na yeye akaiweka sufuria chini bila sauti. Alasiri alipiga magoti ajaribu kusali, sala ikamshinda, akaishia kuhesabu kwato. Hapo ndipo alipoanza kuyaona mambo yalivyo. Nyati walifika asubuhi tu, lakini yeye alikuwa amefungwa hapo tangu zamani. Walichofanya ni kumwonyesha kamba.

Ng'ambo ya dimbwi, kwenye ncha yake yenye tope baya na samaki wachache, ambayo Gaudensi aliiacha, alikuwa amepiga kambi kijana mmoja, Lukelo. Alitoka Iringa kuja kukata miwa upande wa Kidatu, akachoka na miwa, akaingia kwenye samaki. Kila asubuhi alipaza sauti juu ya maji: "Shikamoo, mzee! Moto unawaka?" Gaudensi aliitikia, "Marahaba! Unawaka!" na moyoni alimtukana, maana aliijua njaa iliyokuwa ndani ya swali lile.

Jumamosi asubuhi nyati walikuwa bado wapo. Lukelo akaita kama kawaida.

"Shikamoo, mzee! Moto unawaka?"

Gaudensi hakuitikia. Kimya kile kilimvuta Lukelo. Akaja na kimtumbwi chake kidogo, akipiga kasia polepole, macho yake kwa madume, mpaka akatia nanga kwenye matete nyuma ya kibanda.

"Nilidhani umekufa," alinong'ona.

"Ukaja kuzika au kuwasha?"

"Vyote viwili, mzee. Kwa mpangilio huo huo." Kisha akaliona lile shati kwenye mfuko. "Kumbe ile safari ya kwa binti aliyonieleza Mwanabaraka ndiyo leo? Mbona hukuniita?"

"Nikuite nikwambie nini? Nivushe, halafu nikuachie Jangwani?"

Lukelo alikuna shingo. "Nitakuvusha. Sidai kitu. Unapita upande wangu, kwenye nyasi kavu, ni mzunguko lakini utafika. Ila nisikudanganye. Kesho nikiangalia huku nisione moshi, nitawasha. Sheria sikuitunga mimi. Nimeikuta."

"Kisiki kitafuka."

"Basi kisiki kifuke. Panda twende, hawa mabwana wasije wakaamka."

Walisukuma mtumbwi. Maji yalikuwa kimya, na moshi wa kisiki ulipanda nyuma yao, mwembamba, umesimama wima. Gaudensi alikaa akiwa ameupa mgongo. Akageuka kuutazama. Akatazama mbele. Akageuka tena. Alijiona kesho, kanisani, kwaya inaimba, mkono wa Kandida mkononi mwake, na yeye akiwaza kama upepo umegeuka, kama dume limejikuna kwenye kisiki, akiaga watu kabla wali haujapakuliwa. Aliyajua yote hayo kwa uhakika kama alivyojua njia ya maji.

"Rudi," alisema.

"Umesahau nini?"

"Rudi, nimesema."

"Mzee, una wazimu? Binti anakusubiri!"

"Lukelo, mwanangu, geuza."

Lukelo aligeuza, akisonya. Walishuka kwenye matete. Gaudensi alichuchumaa mbele ya moto wake, akachukua bonge la mavi makavu kutoka kwenye lundo, akalishika kwa mikono miwili kama mtu ashikaye mkate wa moto. Akamnyooshea kijana.

"Tia."

Lukelo alirudi nyuma hatua moja. "Hapana. Mzee, unajua unachosema?"

"Tia wewe, kwa mkono wako."

"Nikitia..."

"Najua ukitia. Mimi ndiye niliyekuwa hapa kabla hujaota ndevu. Tia, tusichelewe."

Kijana yule ambaye kila asubuhi alikuwa na mzaha, sasa hakuwa nao. Alilipokea bonge, akaliweka motoni polepole, pembeni, kama anayeomba samahani. Likafuka, halafu likashika. Gaudensi aliangalia mpaka liliposhika kabisa. Alitegemea maumivu. Yaliyomjia yalikuwa uchovu, uchovu wa miaka, ukampanda kutoka magotini, akatamani kulala pale pale alipochuchumaa.

"Samaki walioko kwenye chanja ni wangu," alisema.

"Ni wako, mzee."

"Mwanabaraka akija umpe. Na usimwibie, yule mama ana mdomo."

"Namjua. Alishanitukana mpaka ukoo."

Wakapanda tena mtumbwi, wakavuka. Gaudensi alipita kwenye nyasi kavu zilizomzidi kimo; katambuga yake moja ya tairi ilinasa kwenye tope ikabaki, na nyingine akaitupa kwa hasira, kwa sababu moja haina kazi. Alitembea kutwa, akalala kwa watu wa kijiji cha kando ya mto, na alfajiri akafika kivukoni amevaa shati lake safi. Pantoni ilikuwa inasubiri lori la mpunga lililokwama kwenye mteremko. Abiria walikaa wakinung'unika. Gaudensi, ambaye alijua kusubiri kuliko wote, safari hii hakuweza. Alishuka, akaweka bega nyuma ya lori pamoja na makuli, akasukuma mpaka shati lake safi likapasuka kwapani.

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje. Maandamano yalikuwa yameshaanza. Alipenya katikati ya watu, wengine wakimpisha kwa heshima na wengine kwa sababu ya harufu, mpaka alipowaona wanovisi katika mstari wao mweupe, kila mmoja na mzazi wake. Pembeni ya Kandida alisimama Antoni, kaka yake Levina, amevaa koti, ameshika mkono wa mpwa wake. Alimwona Gaudensi. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguu mitupu yenye tope.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "afadhali ungebaki kuliko kuja hivyo." Lakini aliuachia ule mkono, akasogea.

Gaudensi aliushika. Ulikuwa mdogo na mkavu. Kandida hakugeuza uso, kwa maana walikuwa wamefundishwa kutazama mbele.

"Unarudi lini?" aliuliza bila kufungua midomo sana.

"Wapi?"

"Kule."

"Lukelo katia kuni kwenye moto wangu."

Binti wa mvuvi hakuhitaji kuelezwa. Mstari ulisogea, wa mbele yao wakaenda hatua moja, na yeye hakwenda. Mama wa nyuma akamgusa begani. Kandida alikuwa bado amesimama, anatazama mbele kama walivyofundishwa, machozi yakimteremka mpaka kwenye kola.

"Twende," Gaudensi alimwambia.

"Ngoja kidogo, baba," alisema. "Ngoja."

Naye akangoja.