Mafuta Niliyomwaga kwenye Kikwembe Changu

Mimi ni Mama Zaina wa Wamaza. Masomo yangu iliishia mwaka wa pili wa primeri. Lakini nyumba ya mabati ninamolala niliijenga na kichwa hiki, kwa kubeba bido za mawese, yale madumu ya plastiki, mpaka Salamabila, kwa wachimbaji wa zahabu.

Zamani ile ilikuwa tamu, siwadanganyi. Tulitoka wamama sita jua halijatoka, kila mutu na kata yake ya majani ya ndizi kichwani. Tulicheka njia nzima. Mitoni tulivuka bido juu, mikono chini inakunja kikwembe, kitenge cha kiunoni. Bido yangu haikuvuja hata tone. Waliniita Mama Bido Kavu, na mimi nilijivuna.

Nilizaa watoto saba. Kila mara nilirudi njiani kabla ya siku makumi ine, ile arobaini ya muzazi, kuisha. Mama yangu alinikataza: "We mutoto, mwili haujafunga!" Nikamujibu: "Mimi si mutu wa kulala."

Kwanza nikikohoa, mukojo unatoka. Kisha siku moja, ninainua bido, nikasikia kitu kinashuka kati ya miguu, laini, kama yai la bata. Nikakirudisha na kidole, nikafunga kitambaa, nikaendelea. Mwaka kwa mwaka kikakua. Mukojo haukuniomba ruhusa tena.

Ndipo nilifanya ujinga. Nilikuwa ninamwaga mawese kwenye kikwembe changu mwenyewe, harufu yake ifunike ile ingine. Mutu akiona nimelowa, ninasema: "Bido inavuja." Mimi! Wanunuzi wakaanza kunikimbia. Muchimbaji mumoja akanicheka mbele ya wenzake: "Mama Bido Kavu, mafuta hii unaiuza ao unaioga?" Nikacheka pamoja nao. Porini nikalia.

Muke mwenzangu Sakina ndiye alinifumania. Alikuwa anafua, akachukua na kikwembe changu, akanusa.

"Yaya, mukubwa wangu, hii si mafuta. Toka lini?"

Nikamuambia yote. Akasema: "Tunaenda Kasongo, kwenye hospitali. Ukikataa, ninamuita bwana yetu."

Njia ile juu ya moto, ile pikipiki! Kila shimo nilimuomba dereva asimame. Kule Kasongo munganga akanipima.

"Mama, kizazi na kibofu vimeshuka. Nitashona wavu mudogo ndani, uvishike."

"Kama wa samaki?"

"Karibu hivyo. Ukisikia maumivu ao ukiona damu, unarudi hapa. Na bido, basi."

"Basi mpaka lini?"

"Mpaka mwisho wa maisha yako."

Nikashuka kitandani niende zangu. Bora kulowa kuliko kukaa bure. Sakina akanishika mukono: "Yaya, bido ndiyo ilikuzaa?" Nikalala tena.

Walinipasua. Tumbo iliniuma, na mupira wa mukojo ulinichosha siku nyingi. Walipoutoa, Sakina akafunua shuka. "Kohoa." Nikakohoa. "Tena, kwa nguvu!" Shuka ilikuwa kavu. Tukacheka mpaka muuguzi akatugombeza.

Sasa bido zangu zinapanda moto, zinaenda Salamabila bila mimi. Asubuhi nikisikia wamama wanapita na kicheko chao, shingo inanyooka yenyewe, kama ingali inangoja muzigo. Inauma. Lakini ninamushukuru Mungu, munganga, na Sakina.

Wewe unayelowa kwa siri, ambia mutu mumoja. Usimwage mafuta. Na muzazi akae siku zake makumi ine. Juzi muke wa mutoto wangu alizaa. Siku ya kumi akaanza kutafuta bido. Nimeikalia. Anune tu. Kikwembe nilichoikalia nacho ni kikavu.