Kibao Shingoni mwa Binti Yangu

Nilitaka kusikia sauti yake. Naanza hapo kwa sababu watu walikuwa wakiniuliza ninataka nini hasa kwa huyo mtoto, kana kwamba nilikuwa naomba mbingu. Nilitaka aniite tu. Hata kwa hasira, hata akiwa ameanguka kwenye tope. Wenzangu huku kwetu Wamagana waliitwa kutwa nzima. Tuko shambani tunachuna majani chai, ukungu umetufunika mpaka kiunoni, halafu sauti inatoka huko chini barabarani, "Maitu!" yaani mama, na wanawake watatu wanainua vichwa pamoja, kila mmoja akidhani ni yeye anayeitwa na mtoto wake. Mimi sikuinua kichwa. Nilijua si wangu. Lakini mikono ilisimama, kila mara ilisimama.

Binti yangu alikwama wakati wa kuzaliwa, ubongo ukakosa hewa. Alichelewa sana kutembea, na alipotembea aliburuta mguu mmoja. Mkono wa kushoto ulijikunja kifuani ukakaa hapo. Wa kulia ulimtii kidogo. Mdomo haukumtii kabisa. Nilikuwa msichana tu, nimetoka kidato cha nne juzi, na bwanangu anafanya kazi gereji huko mjini Kenol, tunamwona mwisho wa mwezi. Mama mkwe wangu, ambaye mtoto alipewa jina lake kama ilivyo desturi yetu, alikuwa akimtazama anasema, "Jina langu limeenda kukaa kimya." Hakusema kwa ubaya. Hata hivyo usiniambie nisikasirike.

Hospitalini mjini Nyeri kulikuwa na mama wa mazoezi, yule wa kunyoosha viungo. Siku moja akiwa ameshika mguu wa mtoto aliniambia, "Huyu anaelewa kila kitu. Shida ni kutoa. Mtafutie picha, azionyeshe kwa kidole."

"Picha zipi?"

"Za vitu vya maisha yake. Wewe ndiye unayajua."

Nilipata ubao kutoka sanduku kuukuu la chai, nikaukata kwa msumeno wa jirani ukawa mkubwa kidogo kuliko sahani. Nikakata picha kwenye kalenda za zamani, magazeti na pakiti za mbegu: kikombe, chakula, kitabu, kuku, ng'ombe, mvua, mama amebeba kiondo. Choo sikukipata kwenye kalenda yoyote, nikachora mlango. Nikachora uso unaocheka na uso unaolia. Pembeni kitambaa cha kijani, ndiyo, na chekundu, hapana. Nilibandika kwa uji wa unga, nikafunika kwa nailoni. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa unaachilia vitu, nilitoboa matundu mawili, nikapitisha kamba, nikamvalisha shingoni.

Zilipita wiki nyingi anaonyesha kikombe tu. Halafu asubuhi moja niko jikoni, moshi umenijaa machoni, akaja akiburuta mguu, akanivuta leso. Akaweka kidole kwa kuku. Nikamwambia ndiyo, tuko na kuku. Akaweka kwa uso unaolia. Kuku. Analia. Akanikasirikia, akagonga ile picha ya kuku mpaka nailoni ikapiga kelele. Nikatoka nje. Mwewe alikuwa amechukua kifaranga, na mama yao anazunguka uani amevimba manyoya. Ilikuwa habari ya kwanza mtoto wangu kunipa katika maisha yake. Nilikaa kwenye jiwe la kufulia nikalia, na kifaranga hakikuwa sababu.

Baada ya hapo nilikuwa na njaa ya habari. Nilitaka zote.

Alipofika miaka minane shule ya msingi ilimkubali darasa la kwanza, kwa shingo upande. Madam wa darasa hilo alikuwa mgeni, ametoka Magharibi mwa Kenya, Kikuyu hajui hata cha kununulia sukumawiki. Labda ndiyo maana alimwelewa mtoto wangu: yeye pia alikuwa akionyesha vitu kwa kidole sokoni. Aliuliza darasa, "Mvua inatoka wapi?" halafu anangoja. Angeweza kumruka aulize wale wenye midomo, lakini alingoja mpaka kidole kifike. Watoto wengine nao wakajifunza kungoja. Yule msichana aliyekaa naye dawati moja alikuwa akimwambia, "Haraka bwana, madam anazeeka!" na binti yangu anacheka mpaka anatokwa na mate.

Sasa, nieleze jambo lingine kuhusu shule zetu. Ilikuwa marufuku kusema Kikuyu ndani ya lango. Asubuhi kiranja alitoa kibao cha mbao chenye kamba, sisi tulikiita diski. Ukiteleza ukasema Kikuyu unavishwa shingoni, na wewe unatega masikio mpaka umnase mwingine umvishe. Jioni waliokivaa wanachapwa. Mimi mwenyewe nilikivaa mara nyingi kwa sababu sikuweza kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, bila kutukana kwa Kikuyu. Tulikiona kitu cha kawaida, kama chaki.

Ijumaa moja zamu ilikuwa ya mwalimu aliyehamishiwa pale juzi tu. Shule ilikuwa imeongeza diski zikawa kadhaa, na yeye hazijui. Jioni kwenye paredi akasema, "Wote wenye kibao shingoni, mbele!" Wavulana wakubwa wakatoka. Binti yangu aliambiwa wenye kibao, na yeye alikuwa na kibao. Akatoka. Alikuwa mtiifu hivyo.

Shule nzima ikacheka. Wengine walidhani mwalimu anafanya mzaha. "Ati hata huyu ameongea Kikuyu!" walipiga kelele, na mwalimu akasikia hilo tu, kwamba ameongea Kikuyu. Madam wa darasa alikuwa ameshaondoka. Mwalimu akasema nyoosha mkono. Alinyoosha ule unaonyooka. Akachapwa viboko viwili kwenye kiganja cha kulia.

Haya yote niliyasikia langoni kutoka kwa yule msichana wa dawati, akiongea haraka na kulia. Kibao hakikuwepo. Mwalimu mkuu alikuwa amekichukua. Jioni hiyo niliweka vikombe, sahani, kila kitu mezani mbele ya mtoto ili anionyeshe chochote. Vidole vilikuwa vimevimba. Lakini sidhani ni uvimbe uliomzuia. Aliweka mkono chini ya meza akakaa hivyo.

Jumatatu nilifika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu mkuu alikuwa ofisini, na huyo mwalimu wa zamu amesimama kando ya dirisha. Nyuma yao kuna kabati la vioo. Kibao chetu kilikuwa ndani, katikati ya kikombe cha riadha na vitabu vipya ambavyo hakuna mtoto aliwahi kuvifungua.

"Mama, karibu ukae."

"Nitasimama."

"Ile ilikuwa kutoelewana tu. Mtoto hakuumia sana."

"Alichapwa kwa kosa gani?"

Wakatazamana. Mwalimu wa zamu akasema kwa sauti ya chini, "Nilielezwa ameongea Kikuyu."

"Sawa," nikasema. "Basi nisaidie, mwalimu. Alisema neno gani?"

Akageukia dirisha.

"Nakuuliza kwa heshima. Mimi ni mamake na sijawahi kumsikia. Kama wewe umemsikia, hata kama alikutukana, niambie alisema nini na sauti yake ilikuwaje. Ni nyembamba? Ni nzito kama ya babake? Nitakushukuru. Nitakuletea kuku."

Yule mwalimu aliangalia viatu vyake. Alikuwa kijana kama mimi. Sikumwonea huruma, na sitasema uongo kwamba nilimwonea.

Mwalimu mkuu akakohoa. "Tumeamua kibao kikae kwa kabati. Kitakuwa salama, na hakutakuwa na kuchanganyikiwa tena. Wakaguzi wakija tutawaonyesha. Ni kitu kizuri, umetumia akili."

"Mwalimu, wakaguzi hawana shida ya kuongea."

"Mama, usinipandishie sauti."

"Kama unataka kufungia kitu, fungia zile diski!"

Mlango ulikuwa wazi na madam alikuwa amesimama hapo na chaki zake, sijui kwa muda gani. "Mwalimu mkuu," akasema, "mimi sina namna ya kumfundisha bila hicho kibao. Nikimuuliza swali atanijibu na nini?"

"Kiwekwe basi kwa dawati. Shingoni hapana."

"Na akienda uwanjani?" nikauliza. "Akibanwa na choo je? Abebe dawati?"

Madam alicheka, akajaribu kuficha kwa kukohoa. Mwalimu mkuu hakucheka, lakini alianza kupapasa mifuko akitafuta funguo. Akasema atafikiria namna ya kutofautisha. Na kweli alifikiria. Kuanzia wiki hiyo diski zikaacha kuwa mbao, zikawa mfupa wa ng'ombe umefungwa kamba. Kuchapwa hakukuisha. Watoto wa watu waliendelea kunuka mfupa shingoni kwa sababu ya lugha ya nyanya zao, na mimi nilikuwa nimepata nilichokuja kuchukua, nikanyamaza. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kupigania na mdomo mmoja.

Nilimvalisha mwenyewe pale mlangoni mwa darasa. Hakunitazama. Nikatoka, lakini sikuenda nyumbani. Nilisimama nje ya dirisha ambalo kioo chake kilivunjika zamani. Madam aliandika herufi ubaoni, watoto wakaimba, binti yangu ameweka mkono chini ya dawati kama nyumbani. Nikafikiri, wameumaliza. Huo mkono wameumaliza.

Madam alipogeuka kufuta ubao, yule msichana wa dawati akamsukuma kwa bega, akamnong'oneza kitu. Mkono ukapanda, polepole. Kidole kikatua kwenye kibao, kikahama, kikatua pengine. Msichana akainama karibu kuangalia, halafu akaziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Wote wawili wakageuka wakanitazama pale dirishani, wakacheka tena.

Walikuwa wananisema. Nilinyoosha shingo kuona amegusa picha gani, lakini kichwa cha mwenzake kilikuwa kimefunika kibao chote. Nilitamani kuingia niulize. Nilitamani sana, mpaka nikashika ukingo wa dirisha. Binti yangu alitikisa mkono wake wa kulia, ule uliovimba, kunifukuza.

Nikaenda.