Kurasa Nilizozipaka Mafuta ya Kambale

Niliwahi kukipaka kitabu mafuta ya kambale, ukurasa kwa ukurasa, kwa makusudi kabisa, nikiwa sijavuka mstari wa nne wa kitabu chenyewe. Utoto, utasema. Ndivyo nami nilivyojiambia kwa zaidi ya miaka thelathini, na mimi nikijiambia jambo huwa najiamini upesi, kwa sababu sipendi kuhangaika. Mimi ni mtu wa nyumbani. Cherehani yangu iko barazani, kitanda changu kiko nyuma ya ukuta wa cherehani, na safari yangu ndefu ya wiki ni kwenda sokoni kununua zipu. Wenzangu wa hapa Ifakara wanapanda mabasi kwenda Kidatu, Mikumi na huko mbele, wanarudi na habari. Mimi nawasubiri hapahapa, nawasikiliza huku nakunja pindo.

Mwezi uliopita nilikuwa natia vifungo kwenye gauni la jirani yangu muuza samaki, mwenyewe amekaa kwenye benchi ananisimamia kama polisi, nikasikia hatua uani. Kabla sijainua kichwa nilishajua ni nani. Kuna watu wawili tu ambao hatua zao zinanifanya nifiche mikono: marehemu Bibi, na Mwalimu wangu wa darasa la tatu. Nikasimama wima, futi kamba shingoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa bwana, hapa si darasani."

Nikakaa. Alikuwa na mfuko wa kitambaa, na ndani ya mfuko madaftari mawili. Akasema amekuja kuniuliza swali moja dogo. Swali lenyewe nitakwambia, ila kwanza nikurudishe nyuma, maana ukilisikia hivihivi utadhani ni swali la kawaida.

Enzi hizo daraja halikuwepo. Mto tulikuwa tunauvuka kwa pantoni, na ng'ambo ndiko yalikokuwa mashamba ya mpunga ya nusu ya mji. Punje zikianza kujaa maziwa, kwelea walishuka kwa maelfu, ndege wadogo wa kahawia wanaoweza kumaliza shamba wakati wewe unafunga kamba ya kaptula. Basi familia zilihama. Tulibeba sufuria, chumvi, vyandarua na kuku mmoja wa kutuamsha, tukaenda kuishi kwenye dungu, yaani jukwaa la miti lenye paa la nyasi katikati ya mpunga. Mimi nilienda na Bibi. Kuanzia alfajiri hadi jua linazama tulivuta kamba zilizofungwa madebe, tukarusha udongo kwa teo, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Bibi alikuwa akisema ndege hawaijui Jumapili, kwa hiyo na mimi nijitahidi kuisahau.

Usinionee huruma sana. Kulikuwa na kambale wa kukaushwa juu ya moshi, mafuta yanadondoka kwenye makaa yanachachatika. Kulikuwa na pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa kisha unatwangwa ungali moto, unatafuna mpaka taya zinachoka. Jioni viboko waliguna mtoni kama wazee wanaobishana kikaoni, na Bibi alikuwa akiwajibu. Alichokuwa anawajibu sikijui mpaka leo, maana alitumia Kindamba cha ndani kabisa.

Shuleni, huku nyuma, darasa la tatu lilibaki nusu. Tuliporudi baada ya mavuno tulikuwa tumesahau hata herufi za majina yetu wenyewe. Walimu wengine walitukaribisha kwa fimbo. Mwalimu wetu, ambaye wakati huo alikuwa binti tu aliyeletwa kutoka upande wa Sanje, alitutazama, akahesabu viti vilivyokuwa vitupu, akaja na wazo lake la msimu ujao.

Vitabu vya kutugawia hakuwa navyo. Kwa hiyo akachukua madaftari ya zamani, akachana kurasa zilizokuwa hazijaandikwa, akaandika hadithi kwa herufi kubwa za kalamu ya wino. Akashona katikati kwa uzi, akatia jalada la boksi la sabuni. Kila Jumamosi alivisindikiza vitabu hivyo hadi kwenye pantoni, akamkabidhi mama yeyote anayevuka, navyo vikatembea kutoka dungu hadi dungu. Wiki iliyofuata vilirudi kwa njia ileile, na vingine vikaja.

Sasa sikia ufundi wake. Mwalimu hakutuuliza maswali ya hadithi inatufundisha nini. Alikuwa anasoma uchafu. Kitabu kikirudi kisafi, alinuna siku nzima. Kikirudi na madoa, alikisogeza puani, akafunua taratibu: "Hapa alikuwa anakula pepeta. Hapa alicheka, ona alivyokunja. Hapa vidole vimeisha." Pale vidole vilipoishia ndipo alipojua hadithi imekufa, naye usiku huohuo aliandika upya kuanzia ukurasa ule. Hakuna aliyemfundisha kuandikia watoto. Alifundishwa na mikono yetu michafu.

Kilichotutia wazimu kilikuwa kile cha bata aliyepanda pantoni akakataa kushuka. Ng'ambo hii kuna harusi, anaona sufuria. Ng'ambo ile kuna ubatizo, anaona sufuria kubwa zaidi. Basi anavuka anarudi, anavuka anarudi, mpaka nahodha anamzoea na kuanza kumwomba ushauri. Nilimsomea Bibi mara nyingi hata yeye, asiyejua a wala be, akawa anafunua ukurasa kabla sijaufikia. "Huyo bata," alisema, "ana akili kumshinda babu yako." Kitabu kile kilirudi kwa Mwalimu kikiwa kizito kwa mafuta.

Halafu kikaja kile kinene. Mwalimu alikuwa amekiandika likizo nzima, kurasa kama thelathini, kuhusu mtoto mtiifu. Mtoto anaamka mapema, ananawa, anafagia, anaamkia wazee wote kwa mpangilio wa umri. Nilisoma mpaka alipokuwa anakunja blanketi lake pembe nne sawasawa, usingizi ukanishika mchana kweupe, kwelea wakala robo ya jaruba. Bibi alinichapa kwa ajili ya mtoto mtiifu.

Lakini kulikuwa na sheria: anayerudisha kitabu alichokimaliza ndiye anayechagua wa kwanza kinachofuata. Na uvumi ulikuwa umevuka mto kwamba yule bata ameandikiwa sehemu ya pili. Nikachukua kambale, nikachovya vidole, nikaanza kazi. Ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Niliongeza masizi kidogo, punje za pepeta hapa na pale, na karibu na mwisho nikadondosha maji, ionekane nililia.

"Unafanya nini wewe?" Bibi akauliza.

"Nasoma."

"Kusoma kwenu siku hizi kunataka mboga?"

Nilipata bata wangu wa pili. Na Mwalimu, waliniambia waliobaki shuleni, alikikumbatia kile kinene mbele ya darasa. Mtoto wa dungu amekimaliza! Kitabu cha maana, chenye maadili, si mchezo wa mabata, na mtoto amefika mwisho, tena amelia!

Wakati huohuo watu wa kuchapisha vitabu mjini walitangaza kwamba wanapokea hadithi za walimu, moja kwa kila mwalimu. Unajua alichagua ipi. Aliinakili kwa mwandiko mzuri, akapanda basi mpaka Morogoro kuifikisha mwenyewe. Jibu lilirudi kwamba hadithi haina uhai. Mwalimu akasema hao hawajui watoto, yeye ana ushahidi. Akaiandika upya. Ikakataliwa. Akaiandika tena. Jumamosi zote zikaishia kwa yule mtoto na blanketi lake, na msimu uliofuata mama wa pantoni walivuka mikono mitupu. Wadogo zetu walikaa kwenye madungu yaleyale, na wakasahau kusoma kama tulivyokuwa tukisahau sisi. Nilijua kwa nini. Nilikuwa mtoto pekee katika bonde zima niliyejua kwa nini, nikanyamaza. Nikamaliza la saba, nikamaliza kidato cha nne, nikajifunza cherehani, nikaendelea kunyamaza.

Ndiyo hapo sasa Mwalimu amekaa uani kwangu, kichwa cheupe, amestaafu, ameweka madaftari mawili juu ya meza ya kukatia.

"Nimepata watu wengine," akasema. "Wanataka hadithi moja ya watoto wa darasa la tatu. Moja tu. Mimi umri huu sitazunguka tena na bahasha, ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nina huyu wa bata, na nina huyu mtiifu. Moyo wangu uko kwa mtiifu, lakini nimesema nikamuulize msomaji wangu. Wewe ndiye pekee uliyewahi kukimaliza."

Jirani yangu akaacha kupepea inzi.

Niseme ukweli, nilifikiria kudanganya tena. Ulikuwa uongo mwepesi: ningemwambia apeleke wa bata kwa sababu watoto wa siku hizi wanapenda vichekesho, na mafuta ya kambale yangebaki siri yangu hadi kaburini. Mdomo ulishafunguka. Lakini alikuwa amekaa vilevile alivyokaa zamani akisubiri mtoto amalize kusoma mstari, hakusaidii, hakuharakishi, anakusubiri tu. Nikashindwa.

"Mwalimu, sikukimaliza."

"Uliishia katikati?"

"Nilikipaka mafuta. Kwa vidole. Nilikuwa nataka bata wa pili."

 Cherehani ilikuwa imesimama, gauni la watu limening'inia na kifungo kimoja. Nilisubiri anigombeze, na ningeshukuru angenigombeza. Akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazi kabisa:

"Uliishia wapi?"

"Ukurasa wa kwanza."

"Mstari?"

"Wa nne. Pale anapokunja blanketi."

Akafungua lile daftari nene, akatafuta mahali, akatia alama kwa kalamu. Akautazama mstari ule muda mrefu. "Hata mimi," akasema polepole, "hapa huwa nachoka. Nilidhani ni macho." Akalifunga. "Huyu wa bata nilimwandika jioni moja nasubiri wali uive."

"Ndiye mzuri, Mwalimu. Nakuapia."

"Usiape. Kiapo chako hakina soko kwangu." Lakini mdomo ulimcheza kidogo. Akaligeuza daftari la bata, mshono wa katikati ulikuwa umelegea, kurasa mbili zinataka kutoka. Nikanyoosha mkono haraka, kushona ndilo jambo pekee ninalolijua duniani, nikasema lete nikushonee. Akalirudisha kifuani.

"Nipe sindano na uzi. Nitashona mwenyewe."

Akashona, amekaa kwenye kiti changu, mishono mikubwa ya zamani, mimi nimesimama. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akaniachia lile nene juu ya meza bila kusema ni zawadi au ni adhabu, akaaga. Kesho yake, nasikia, alipanda basi. Majibu bado.

Daftari nene bado ninalo. Nimelisoma lote sasa, nimelisoma kwa haki, na nakwambia kama rafiki, kuna ukurasa mmoja karibu na mwisho ambapo yule mtoto anavunja mtungi na kukaa kimya, na ukurasa huo ni mzuri kuliko bata wote. Ningefika pale utotoni, labda ningeacha alama za vidole za kweli, naye angejua hadithi yake inaanzia wapi. Sikufika.

Juzi niliyawaza yote hayo kwa sauti, jirani akiwa amerudi na gauni lake, maana vifungo nilikuwa nimevipachika upande wa mwanaume. Nikamweleza jinsi pantoni ilivyoondoka, magari sasa yanapita juu ya mto bila hata kuutazama. Madungu yamebaki ya kuhesabu, na watoto wanabaki shule mpaka mavuno, jambo jema, silipingi, ila hakuna tena mtoto wa kusikia viboko wakibishana jioni huku ana kitabu mapajani. Vile vitabu vidogo karibu vyote vimekwisha, vimeliwa na panya, vimewashia moto. Nikasema inauma, jirani, mambo mazuri yanapotea hivihivi na hakuna wa kumlaumu.

Jirani alikuwa anajaribu gauni juu ya nguo zake, mkono mmoja ndani, mmoja nje. Akanitazama kupitia shingo ya gauni, akasema:

"Fundi, mimi hiyo pantoni siilalii njaa. Yule Mwalimu wako anakaa Viwanja Sitini, baiskeli dakika kumi, na wewe umekaa hapa miaka yote ukasubiri yeye ndiye aje akuulize."