Fidel wa Jeddah na Printa ya Sulay

Fidel anatunza kompyuta za kampuni yetu yote akiwa tawi la Jeddah. Ni mtu wa Bungoma, na hukohoa kidogo kabla ya kila sentensi. Nilimjua kwa simu tu, na upole wake uliniudhi.

Siku hiyo lori langu lilikuwa limeshapakiwa ghalani Sulay, Riyadh, tayari kwenda Jeddah. Mke wangu Sellah, aliyefanya kazi za nyumbani huko, mkataba wake ulikuwa umekwisha, na kesho yake jioni angepanda ndege kurudi Kenya. Miaka miwili tuliishi nchi moja bila kuonana. Nikikosa safari hiyo, basi tena.

Printa ikafa. Kompyuta ya ghala ni kikongwe cha enzi za flopi. Programu yake inajua printa moja tu, ile iliyounganishwa nayo kwa waya. Na bila karatasi ya geti, Jackton mlinzi hafungui, hata kama jana tumekula ugali sahani moja.

"Dominic, ndugu yangu, mafi karatasi, mafi kutoka, hakuna ni hakuna. Unataka kafili aliyenileta kazini anirudishe Siaya?"

Nilimtukana. Alvin, karani wetu, akampigia Fidel.

"Tutaidanganya," Fidel alisema, akikohoa. "Andika net use lpt1, halafu jina la printa ya bosi. Programu itadhani inaongea na printa yake, kumbe network inapeleka kazi kwingine."

Akataja jina, Alvin akaandika. Ofisi ya bosi kimya. Kwenye simu tukasikia printa ikilia Jeddah. Kwa mazoea, Fidel alikuwa ametaja printa yake mwenyewe!

Nilipiga meza ngumi. "Bibi yangu anaenda kesho, na wewe unacheza?"

"Pole, ndugu. Ndege ni saa ngapi?"

Nikamwambia. Akataja jina sahihi herufi kwa herufi, karatasi ikatoka, na Jackton akakimbilia geti.

Kesho yake mchana nilipofika Jeddah, mwanamume mwembamba alinisubiri akikohoa. "Lori acha hapa, vijana watashusha. Yalla, ingia gari yangu."

Njiani kwenda uwanja wa ndege alisema jambo moja tu. "Wangu aliondokea uwanja huohuo, mimi nikiwa kazini."

Sellah alikuwa bado nje. Alinishika uso kwa mikono miwili, akacheka, akalia, akauliza nani amenileta. Niligeuka nimwonyeshe. Fidel alikuwa ndani ya gari, ametupa kisogo ili tulie bila haya. Mungu amzidishie.